Vakyumu yako haijafa bado: wanayosema watu kuhusu mota na ilivyo khasa

Kwetu Unguja vakyumu, ile mashine ya kunyonya vumbi, ikitoa harufu tu hukumu ishapita, "mota imeungua hiyo, peleka jaani", inawekwa uwani mpaka apite mnunuzi wa vyuma chakavu aibebe kwa vijisenti. Na mimi nikizifungua nyingi nakuta mota yenyewe haina neno, kilichokwisha ni kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, au beringi, au imekoseshwa hewa tu. Basi ngojeni niyaseme haya ninayoyasikia kila siku.

Baba lao ni cheche. Mtu akichungulia kwenye matundu akaona vicheche vya buluu anasema imekwisha. Sivyo. Mota hii si ya feni ya mezani, ndani ina kaboni mbili zinazokandamizwa na springi juu ya komuteta, yaani ile duara ya vipande vya kopa, na inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, nyengine zinapita 30,000, kwa hivyo vicheche vidogo pale kaboni inapogusa kopa ni kawaida yake. Cha kuogopa ni moto wa manjano unaozunguka komuteta nzima pamoja na harufu kali, hapo zima na uchomoe kwenye soketi, usiseme nimalizie chumba hichi kwanza.

La pili, "asubuhi ilikuwa nzima, jioni kimya, basi imeungua". Jamani, kuna kaboni zina kijipini cha springi ndani yake, kaboni ikilika mpaka kikomo kile kipini kinatoka na kuinyanyua isiguse kopa, mota inazima ghafla bila hata harufu. Imetengenezwa hivyo makusudi ili komuteta isichimbwe. Unabadilisha kaboni, zote mbili kwa pamoja hata kama moja bado ndefu, na mambo yanaendelea. Hizi za kawaida zisizo na kipini mie zikifika milimita 6 hivi nazitoa, sisubiri.

Sasa kuna mafundi wanapasua betri kubwa ya redio, wanatoa ule ujiti mweusi katikati wanauchonga kuwa kaboni. Inawaka, kweli, na mwenye nayo anafurahi, ila ujiti ule haukutengenezwa kwa spidi hizo, unarusha cheche na kuila kopa, na kopa ikishaharibika ndo mota imekwenda. Bora utafute kaboni ya drili au grainda iliyo kubwa kidogo, uisugue kwa msasa laini mpaka iingie kwenye nyumba yake iteleze bila kubana wala kucheza. Hata hiyo ni ya kubangaiza, ya mota yenyewe ikipatikana chukua hiyo.

Halafu wapo wanaosugua komuteta mpaka ing'are kama bangili mpya. Ile rangi ya kahawia yenye mng'aro ni utando mzuri, kaboni inateleza juu yake, iache. Msasa laini unapita pale tu kopa imeungua nyeusi au imekwaruzika, na ukimaliza unasafisha vile vijifereji baina ya vipande maana unga wa kopa na kaboni ukibaki pale unapiga shoti. Na mafuta hapo usitie, wala ya cherehani.

"Fundi badilisha kapasita." Hii inatokana na feni, kule kapasita ikichoka feni inazunguka kinyonge. Mota ya kaboni haihitaji kapasita kuondoka, ile utakayoikuta ndani ni ya kuzuia mikwaruzo kwenye redio na tivii.

Hili la sauti ndo linalonichekesha. Mpira wa kunyonyea ukiziba sauti inapanda, inalia wiii, watu wanasema mota inabeba mzigo mzito. Kumbe kinyume, feni yake ya ndani inayonyonya haina hewa ya kusukuma, mzigo umepungua, inakwenda mbio zaidi na umeme inaokula unashuka. Mbona basi inapata moto? Kwa sababu vakyumu nyingi za nyumbani hewa ile ile inayonyonywa ndo inayopita kuipoza mota, ukiziba umeinyima. Nyingi zina swichi ya joto inajikata yenyewe, ukiiacha ipoe inarudi, na hapo ndo watu washaitoa jaani. Mchanga wa pwani unajaza mfuko, na wale wanaonyonyea vumbi la simenti mafundi wakishapiga plasta, loo, filta inaganda mara moja na unga unapenya mpaka kwenye beringi. Masika nako, umeosha filta ukairudisha mbichi, unyevu wote unapita kwenye mota, isubiri ikauke hata kama siku mbili.

Beringi ikilia usidanganyike na mafuta ya nje, zimefungwa hizo, hayaingii. Soma namba ununue mpya, sana utakuta 608, tundu milimita 8, nje 22, unene 7.

Wanasema tena mota ya kaboni haichagui umeme. Haichagui AC (umeme wa ukutani) wala DC (wa betri), kweli, volti inachagua. Used ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma umeichoma kwa mkono wako. Na wati chache si dalili ya mota kuchoka, Ulaya tangu Septemba 2017 zile za kawaida za waya zinatakiwa ziwe chini ya wati 900.

Ukishafunga kaboni mpya usiijaribu mota umevua feni yake ukaitia umeme moja kwa moja, bila mzigo inapandisha spidi mpaka inaweza kujivunja. Rudisha feni, unga sirizi, yaani umeme upite kwanza kwenye taa ndo ufike kwenye mota, na taa iwe ya wati 100 ile ya zamani ya waya, izunguke taratibu kaboni ijichonge, ndo uipe umeme kamili.

Kuna inayokufa kweli. Ukipima baina ya vipande viwili viwili vya kopa ukakuta pahala mita inaruka juu sana au haisomi kabisa wakati kwengine kote inasoma sawasawa, au kipande kimenyanyuka, au koili nyeusi zinanuka, kusuka upya koili za rota, ile sehemu inayozunguka, ndogo namna hiyo gharama yake haina maana, tafuta mota nzima used, na ukienda dukani beba ile mbovu mkononi upime kimo na upana wa feni, kwa maneno tu watakupa isiyoingia.