Maji yanayochemka hayageuki hidrojeni na oksijeni

Waulize wanafunzi wa Kidato cha Tano, kuanzia Kirumba hadi Igoma hapa Mwanza, viputo vya maji yanayochemka vina nini ndani. Jibu halikawii: hidrojeni na oksijeni, eti joto limekata bondi, yaani viunganishi vya atomu ndani ya molekuli. Hapana. Ni mvuke, maji yale yale. Sufuria ingekuwa inatoa mchanganyiko huo juu ya moto, kila chai ya asubuhi Mwanza ingelipuka.

Tazama namba. Kukata bondi za O–H kunadai takriban kilojuli 463 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), na kila molekuli ya maji inazo mbili. Kugeuza moli nzima ya maji, gramu 18, kuwa mvuke kunakula kilojuli 41 tu. Hizo zinaachanisha molekuli zilizoshikana kwa bondi za hidrojeni, ambazo ziko kati ya molekuli na jirani yake, siyo ndani yake. Ili maji yavunjike kwa joto peke yake, unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000.

Bado unabisha? Chukua methani. Bondi yake ya C–H, kama kilojuli 413, si dhaifu hata kidogo, lakini methani huchemka nyuzi 161 chini ya sifuri kwa sababu molekuli zake zinavutana kidogo mno. Tena ina atomu nne za hidrojeni na haina bondi ya hidrojeni hata moja! Ili bondi ya hidrojeni iwepo, hidrojeni lazima iwe imeshikwa na florini, oksijeni au nitrojeni. Chora molekuli mbili za maji: mistari mizima ndani ya kila molekuli, ya nukta kati ya molekuli na molekuli. Wanaokosea swali hili ni wale wasiochora.

Vile viputo vidogo vinavyong'ang'ania kuta za sufuria mapema ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Basi na ile ya "maji ya moto huyeyusha kila kitu zaidi" iishie hapo. Sukari, sawa, gesi, la. Mfugaji wa sato kwenye vizimba ziwani ana haki ya kuogopa maji yenye joto yaliyotulia, maana oksijeni iliyoyeyuka humo ni kidogo.

Kipimajoto kikigoma kwenye nyuzi 96 maji yakitokota, msikitupe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni ndogo na maji huchemka kabla ya nyuzi 100.

Kosa jingine ni kudhani nyuzi zikiwa maradufu presha nayo huwa maradufu. Gesi ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 50 kwa ujazo ule ule, haiwi hivyo. Kwa kelvini, kipimo kinachoanzia sifuri halisi ya joto, ni 298 hadi 323, ongezeko la asilimia 8. Na mtungi wa gesi ya kupikia uliobaki nusu haujapoteza nusu ya presha, maana ndani bado mna kimiminika kinachotoa mvuke.

Myeyusho wa sukari wa moli 1 kwa lita: yeyusha gramu 342 (moli moja ya sukari) kwenye maji kiasi, kisha jaza hadi alama ya lita 1. Ukizimiminia lita nzima ya maji utapata kama lita 1.2, na moli 0.83 kwa lita.