Dirisha fiche halikufichi kwa mwenye ruta

Wiki hii pekee nimeambiwa maneno hayohayo mara tatu. Wa mwisho alikuwa dada wa mapokezi katika hoteli moja upande wa Casuarina, aliyeniletea simu yake nimbadilishie kioo. Nikiwa nafungua skrubu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anatafuta kazi kwingine, na maombi yote anayatuma kwa kompyuta ya kaunta. "Lakini sina wasiwasi, fundi. Nafungua lile dirisha la kofia na miwani. Hakuna anayeona."

Niliweka bisibisi chini, tukazungumza nusu saa nzima. Kioo kilisubiri.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Malindi, pwani ya Kenya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya mahoteli, maduka na maofisi. Kwa hivyo nazijua pande zote mbili: upande wa mfanyakazi anayeamini amejificha, na upande wa ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ya ofisi, inayoandika alikopita. Nimechoka kuona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakiitundika riziki yao kwenye kofia ya kuchorwa.

"Natumia dirisha fiche, bosi hawezi kuona"

Dirisha fiche, lile la kofia na miwani (incognito), lina kazi moja tu: ukilifunga, kivinjari kinasahau. Historia haibaki, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti hukutambulia) vinafutwa, uliyojaza kwenye fomu hayakumbukwi. Limetengenezwa kwa ajili ya watu wanaogawana kifaa kimoja, ili anayeketi baada yako asikute ulikokuwa. Ukitaka kumnunulia mkeo zawadi kwa kompyuta ya nyumbani, litakufaa sana. Hata hapo lina mipaka: faili ulizopakua zinabaki kwenye folda yake, na ukurasa uliouwekea alamisho unabaki na alamisho yake. Na yote hayo yanahusu kifaa. Huko njiani hakuna kilichofichwa.

Chukulia umepanda tuktuk kutoka Shela, ukashuka kwenye kliniki fulani barabara ya Lamu. Ukarudi nyumbani, ukafagia nyayo zako mlangoni, ukabadilisha nguo. Mwenye tuktuk bado anajua alikushusha wapi na saa ngapi. Hakuingia ndani, hajui daktari alikwambia nini, lakini mlango anaujua. Ruta ya kazini ndiyo tuktuk hiyo, na dirisha fiche ni ule ufagio.

Kinachotokea ni hiki. Kila unapofungua tovuti, kompyuta yako huuliza kwanza anwani yake iko wapi. Swali hilo hupitia kwenye ruta, na mara nyingi hupita likiwa wazi, bila bahasha. Ikishajibiwa, kivinjari hubisha hodi kwenye tovuti yenyewe, na katika hodi hiyo jina la tovuti kwa kawaida husomeka. Baada ya hapo, tovuti ikiwa ya https, mazungumzo yanafungwa kwa msimbo. Kwa hivyo mwenye ruta haoni barua ya maombi uliyoandika wala nenosiri lako. Anaona kwamba kompyuta ya kaunta ilikuwa kwenye tovuti ya ajira saa nne na robo asubuhi, na ikarudi tena baada ya chakula cha mchana. Hapo unahitaji kueleza nini zaidi? Jina peke yake lasema: tovuti ya nafasi za kazi, ya mikopo, ya kliniki ya uzazi, ya wakili wa mambo ya ajira.

Sisemi kwa kudhania. Mwaka jana niliitwa na hoteli moja kwa sababu intaneti ilikuwa inasuasua. Nilifungua ruta, moja ya zile MikroTik ninazozikuta mahali pengi hapa pwani, na mbele yangu kulikuwa na orodha ya kila kifaa kilichounganishwa. Simu za wafanyakazi zilikuwa na majina ya wenyewe, vile walivyoziita siku waliyozinunua. Kando ya kila moja, mzigo wa data ilioutumia. Aliyefunga mtandao kabla yangu alikuwa amewasha kumbukumbu ya tovuti pia. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nilifunga ukurasa ule haraka kuliko nilivyoufungua, lakini ruta ni yake, nenosiri ni lake, na siku nikiwa sipo anaweza kuufungua mwenyewe akiwa ameketi na chai yake.

Hiyo ni ruta tu. Kompyuta yenyewe ikiwa ya kampuni, mambo yanazidi. Kuna programu za usimamizi zinazopiga picha ya skrini kila baada ya muda, na nyingine zinaandika kila kitufe unachobonyeza. Programu hizo zinakaa kwenye mfumo wa kompyuta, chini ya kivinjari. Dirisha likiwa fiche au la kawaida, kwao ni skrini ileile. Kampuni ikipenda inaweza pia kusakinisha cheti chake kwenye kompyuta, na hapo hata yale mazungumzo ya https yanaweza kufunguliwa katikati ya njia, yakasomwa, yakafungwa tena. Ukitaka kujua kama Chrome unayoitumia iko chini ya mkono wa mtu, fungua menyu utazame mwisho wake. Ukikuta imeandikwa kwamba inasimamiwa na shirika lako, basi inasimamiwa na shirika lako.

Linaloniuma zaidi ni kwamba onyo limeandikwa palepale. Ukifungua dirisha fiche la Chrome, ukurasa ule mweusi unakwambia waziwazi kwamba tovuti unazozitembelea, mwajiri au shule yako, na kampuni inayokupa intaneti bado wanaweza kuona shughuli zako. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani na watumiaji waliodai kwamba dirisha hilo liliwafanya waamini hawafuatiliwi hata na Google yenyewe. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano, na mwaka 2024 ikawekwa wazi kwamba kampuni ingefuta mabilioni ya rekodi za data na kufafanua zaidi maelezo yake. Watu walifika mahakamani kwa sababu ya dhana hii. Sisi bado tunaibeba mpaka kaunta ya hoteli.

Ushauri wangu nausema mpaka wateja wananikamilishia sentensi: jambo lako, fanya kwa simu yako, kwa bando lako. Bando dogo la saa moja linatosha kutuma maombi ya kazi. Ukiwa kwenye data yako mwenyewe, bosi hayuko njiani. Kampuni ya simu iko, ndiyo, lakini haikulipi mshahara. Na uzime Wi-Fi kabisa kwanza, maana simu iliyowahi kuunganishwa na mtandao wa kazini hurudi yenyewe kimyakimya ukifika getini.

Kuna wanaofanya werevu nusu: wanawasha hotspoti ya simu zao, kisha wanaiunganisha kompyuta ya ofisi. Ruta umeikwepa, kweli. Programu iliyomo ndani ya kompyuta hujaikwepa.

"Nimefuta historia"

Umefuta nakala yako. Ya ruta haikufutika. Na kama Chrome ya kazini ilikuwa imeingia kwa akaunti ya Google iliyowashwa usawazishaji, historia, alamisho na manenosiri vilikuwa vinahama kati ya vifaa vyako muda wote. Nimeona mama mmoja akishtuka kukuta alichokitafuta usiku nyumbani kimejitokeza kwenye kompyuta ya duka la mwajiri wake asubuhi. Hakudukuliwa na mtu. Aliingia kwa Gmail yake mara moja tu, kuchapisha risiti, akasahau kutoka.

"WhatsApp imefungwa, haisomeki"

Njiani haisomeki, ni sahihi. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa msimbo kutoka simu hadi simu. Lakini ukiifungua kwenye kompyuta ya ofisi, umeufungua msimbo huo mwenyewe na kuyaweka mazungumzo mezani. Tena kompyuta ile haihitaji simu yako iwe karibu wala iwe na intaneti. Inaendelea kupokea ujumbe, na haitoki mpaka uitoe, au mpaka simu yenyewe ikae siku 14 bila kutumika.

Kijana mmoja karani alitoka kazini hoteli ilipofunga kwa masika, akaacha WhatsApp iko wazi kwenye kompyuta ya stoo. Mwenzake alisoma kila kitu, kisha akamjibu mchumba wa mwenyewe. Yaliyofuata siyaandiki hapa. Fungua simu yako sasa hivi, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na chochote usichokitambua kiondoe. Unaruhusiwa kuunganisha vifaa vinne, kwa hivyo usikague cha kwanza ukaridhika.

"Nitaweka VPN"

VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako ndani ya njia iliyofungwa, huficha majina ya tovuti kwa mwenye ruta. Badala yake anaona mfereji mmoja uliofungwa, na meneja mwenye macho atauliza kwa nini simu ya kaunta ina mfereji. Yote yaliyokuwa yanaonwa na ruta sasa yanapita mikononi mwa mwenye VPN, na ukiipata bure huwezi hata kujua ni nani. Kuisakinisha kwenye kompyuta ya kampuni bila idhini ni kosa la kinidhamu katika ofisi nyingi. Kwa shughuli ya dakika kumi, nunua bando.

"Nikiweka barua pepe ya kazi kwenye simu yangu, wanaona picha zangu zote"

Hapa watu huogopa kupita kiasi, na si haki kuwaacha hivyo. Android ina wasifu wa kazini: sehemu iliyotengwa, ambayo programu zake huwa na alama ndogo ya mkoba. Msimamizi wa kampuni anatawala sehemu hiyo. Anaweza kuifuta hata akiwa Nairobi, lakini picha zako na WhatsApp yako ziko upande wa pili wa ukuta. Shida huja pale unapobonyeza kukubali bila kusoma, ukampa msimamizi ruhusa juu ya simu nzima. Skrini ikisema kwamba kampuni itaweza kufuta data yote, maana yake ni data yote, pamoja na picha za harusi ya dada yako.

"Kompyuta ni yake, ana haki ya kuona chochote"

Nalisikia hili kutoka kwa mabosi, na kinyume chake nakisikia kwa wafanyakazi: kwamba Katiba imekataza, basi hawezi kutazama. Wote wawili wamekosea. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na faragha ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako akwambie kwamba anazikusanya na kwa sababu gani. Mwajiri anaweza kusimamia vifaa vyake kwa sababu halali ya kazi. Kuvizia bila kumwambia mtu ni jambo jingine. Na akikuta nenosiri lako limehifadhiwa kwenye kivinjari akaingia kwenye Gmail yako binafsi, umiliki wa kompyuta haumpi ruhusa ya akaunti. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inahusu kuingia kusikoidhinishwa. Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, nayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Lakini siku 90 bila kazi ni nyingi. Ndiyo maana nasisitiza bando.

Kuna moja ambayo hata si dhana, ni mazoea, na imewaliza watu wengi dukani kwangu kuliko ruta. Mtu ameajiriwa, amepewa barua pepe ya kampuni, basi anaitumia kujisajili kila mahali: iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, HELB ya mikopo ya wanafunzi, benki. Siku anapoondoka, kampuni inaifunga barua pepe ile jioni hiyohiyo, na ni haki yao. Juni ikifika anataka kutuma ritani ya kodi kwa KRA, nenosiri amelisahau, na kiungo cha kulibadilisha kinatumwa kwenye sanduku asiloweza tena kulifungua. Laini ya simu ya kampuni ni vilevile: namba zote za uthibitisho zinaishia kwenye laini aliyokabidhiwa mtu mwingine.

Masika yakikaribia, mahoteli yanapunguza watu na vifaa vinarudishwa. Watu huniletea laptopu saa kumi na moja jioni, kesho asubuhi ni kukabidhi, nao wananiambia, "Fundi, futa kila kitu." Siwezi. Humo mna kazi ya kampuni, na kuifuta ni kukuingiza kwenye matatizo mapya. Njoo wiki moja kabla. Tutahamisha picha zako kwenye fleshi, tutatoka kwenye Gmail na WhatsApp, tutaondoa manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na tutabadilisha nenosiri la akaunti yako kwa kutumia simu yako mwenyewe, ili kompyuta ile itolewe hata kama tumesahau mlango mmoja. Ikiwa ni simu ya kampuni, ondoa akaunti yako ya Google kabla ya kuirejesha ilivyotoka kiwandani. Usipofanya hivyo huenda ikamdai anayekuja baada yako nenosiri lako, na atakupigia wewe. Kisha barua pepe ya iTax tuibadilishe palepale, wakati ile ya zamani bado inafunguka.

Yule dada wa Casuarina alirudi kuchukua simu yake. Aliniuliza kama maombi aliyoyatuma tayari kwa kompyuta ya kaunta yanaweza kufutwa kwenye ruta. Nikamwambia sitaigusa ruta ya mtu bila idhini yake, na kwamba kumbukumbu nyingi za aina hiyo hufunikwa na mpya baada ya muda. Maombi aliyobakiza ameyatuma kwa simu yake, akiwa ameketi ufukweni baada ya zamu.