Kuku wamejaa bandani na karantini imetangazwa: maswali na majibu

Kuku wangu wote ni wazima. Kwa nini nisiwauze waliozidi kabla kideri au mafua ya ndege hayajafika?

Kwa sababu kuonekana wazima kwa macho hakutoshi. Kideri (mdondo) huchukua siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijatokea, na kuku anaweza kuanza kumwaga virusi kwenye kinyesi na makamasi akiwa bado anakula vizuri. Bata ni hatari zaidi kwa mafua ya ndege, maana wengi huyabeba bila dalili yoyote. Kumpa jirani jogoo mmoja bure hakuna tofauti na kumuuza. Matenga, trei za mayai na samadi navyo visitoke.

Basi nianzie wapi?

Zuia wasiongezeke. Yai huanguliwa baada ya siku 21, kwa hiyo mayai yanayoatamiwa leo yatakuwa vifaranga wakati huenda karantini haijaisha. Okota mayai asubuhi na jioni, usiwashe inkubeta (mashine ya kuangulia mayai), na watenge majogoo. Mitetea hutaga hata bila jogoo.

Kuku aliyeshika kuatamia mweke kwenye tundu lenye sakafu ya waya, lililoinuliwa ili hewa ipite chini ya tumbo lake. Usimwekee majani wala kiota, ila chakula na maji visikosekane. Kwa kawaida siku 3 au 4 zinatosha. Ukimfungulia akakimbilia kiota tena, mrudishe.

Naruhusiwa kuchinja wale wa ziada?

Muulize afisa mifugo kabla hujashika kisu. Kuna maagizo yanayoruhusu kuchinja kwa ajili ya kula nyumbani tu, na kuna yanayokataza kabisa. Tena kama yumo hata mmoja anayeumwa, usichinje yeyote, hata walio wazima.

Ukiruhusiwa, anza na majogoo: mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Kisha tafuta mitetea waliokoma kutaga. Gusa mifupa miwili iliyochongoka chini ya mkia, pembeni mwa tundu la kutagia. Anayetaga, vidole 2 au 3 huingia katikati yake. Aliyekoma, hata 2 haviingii, na upanga wake (nyama nyekundu ya kichwani) huwa umepauka na kusinyaa. Kama alipewa dawa, subiri muda uliotajwa kwenye lebo uishe.

Mnyime chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kumchinja, maji aendelee kunywa. Utumbo mtupu haupasuki ovyo ukachafua nyama. Vaa glovu, barakoa na miwani. Mchovye kwenye maji ya nyuzijoto 60 hadi 65 kwa kama dakika moja, umnyonyoe angali amelowa, kwa kuwa manyoya makavu hurusha vumbi unalolivuta. Utumbo na manyoya fukia. Mbwa na paka wasipewe. Nyama iive hadi mfupani, nyuzijoto 74 kwa mwenye kipimajoto, na mayai yaive hadi kiini kigande.

Wanaobaki watakaaje wakifungiwa?

Kuku wakubwa 4 au 5 kwa mita moja ya mraba. Wakizidi hapo huanza kudonoana. Tandika maranda makavu ya sentimita 8 hivi. Kisha chutama, pua yako iwe usawa wa kuku. Macho yakikuwasha kwa harufu kali ya kinyesi, wao wanaumia muda wote: ongeza matundu ya hewa na uondoe sehemu zilizolowa, hasa chini ya vyombo vya maji.

Anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na kunywa maji yenye uzito mara mbili ya hapo, na zaidi kukiwa na joto. Usipunguze chakula ili kubana matumizi. Wataacha kutaga, na wanyonge watanyang'anywa hata kile kidogo. Watundikie mboga za majani juu kidogo ili wapate cha kushughulika nacho.

Niwachanje sasa?

Usijichanjie bila kuambiwa. Chanjo ya kideri haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, kinga huhitaji kama wiki 2 kujengeka, na mchanjaji anayezunguka banda hadi banda anaweza kusambaza ugonjwa kwa mikono na viatu vyake.

Wakianza kufa je?

Vifo vya ghafla, kuhara kijani, shingo kupinda, kichwa kuvimba au upanga kuwa wa zambarau: mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Usile mzoga wala kuupasua. Ukiagizwa kufukia, juu ya mizoga uwepo udongo usiopungua mita moja, mbali na kisima. Sugua mabuti kwa maji na sabuni hadi kinyesi chote kitoke ndipo uyatie dawa ya kuua vijidudu kama klorini, maana huishiwa nguvu penye uchafu.

Aliyewagusa akipata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, avae barakoa, aende hospitali, na amwambie daktari mapema kabisa kwamba alishika kuku waliokufa.