Je, wajua? Sayari ya nyota jirani ilipimwa bila kuonekana

Usiku wa giza mwezi Mei au Juni, ukisimama ufukweni Ukerewe ukatazama kusini, upande wa Mwanza, juu ya taa za wavuvi wa dagaa utauona Msalaba wa Kusini na nyota mbili kali kushoto kwake. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Pembeni yake ipo Proxima Centauri, jirani wa karibu kuliko wote wa Jua: miaka ya nuru 4.24 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Hiyo hutaiona. Ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo na hafifu, na ingebidi ing'ae takriban mara 100 zaidi ndipo jicho tupu liipate.

Agosti 2016 ilitangazwa kwamba ina sayari, na mara picha zikasambaa: miamba, anga ya machungwa, jua jekundu. Wengi wanaamini mpaka leo kwamba zilipigwa na darubini. La hasha, ni michoro. Sayari hiyo, Proxima b, haijawahi kupigwa picha hata kama nukta. Kilichopimwa ni nyota, nayo ilikuwa inayumba.

Chukua mtumbwi unaoelea bila kufungwa. Mtu akitoka nyuma kwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma kidogo. Sasa weka giza totoro, mtu asionekane, ibaki taa moja iliyofungwa mtumbwini. Ukiifuatilia taa kwa subira utajua yumo mtu, anageuka kila baada ya muda gani, na kama ni mzito au mwepesi. Mtu huyo ndiye sayari, taa ndiyo nyota. Ila mtumbwi ukikukalia ubavu, mwendo huo kwako hausogei mbele wala nyuma, na utamdhania mwepesi kuliko alivyo. Ndiyo maana uzito wa sayari unaotajwa, kidogo kupita wa Dunia, ni wa chini kabisa. Huenda ni mkubwa zaidi.

Nyota ikija kwetu, mawimbi ya mwanga wake hubanwa, ikirudi, hutanuka. Kifaa cha HARPS, kinachopima mabadiliko hayo ya mwanga kule La Silla, Chile, kilinasa mwendo wa kama kilomita 5 kwa saa, yaani wa mtu anayetembea, kwenye nyota! Mzunguko ulijirudia kila siku 11.2, ndio mwaka wa sayari hiyo.

Umbali wake kutoka kwenye nyota yake unaruhusu maji kutiririka, mradi iwe na hewa, na hewa hiyo bado haijathibitishwa. Nyota yenyewe ni mkorofi: Machi 2016 ililipuka ikang'aa zaidi ya mara 60 kwa muda mfupi.