Stesheni Huokoa Umeme Ikiwa Bado Kwenye Karatasi

Ukitaja stesheni ya treni inayotumia umeme kidogo, wengi huinua macho kutazama paa: paneli za sola zipo ngapi? Si swali baya. Ila paa huezekwa mwishoni, na kufikia hapo umeme mwingi wa stesheni huwa umekwisha kuamuliwa, tangu siku mhandisi alipoketi na penseli akapanga reli zipite kina gani na treni isimame wapi.

Tuanze na treni yenyewe. Treni ya tani 200 inayokwenda kilomita 72 kwa saa imebeba nishati ya mwendo ya megajuli 40, yaani karibu yuniti 11 kwa hesabu ya mita ya umeme. Ili isimame jukwaani, nishati hiyo yote lazima itafutiwe pa kwenda, na kwa breki za kusuguana huishia kuwa joto tupu. Waliojenga njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa London mwaka 1900, ile inayoitwa leo Central line, walilitambua hilo. Stesheni zake waliziweka juu kidogo kuliko handaki, kana kwamba kila moja imekalia kichuguu. Treni ikiingia hupanda mwinuko wa 1 kwa 60, yaani mita 1 juu kwa kila mita 60 za mwendo. Ikitoka huteremka 1 kwa 30. Kupanda kunaipunguza mwendo, kuteremka kunaisukuma. Kichuguu cha mita 3 tu, kwa treni yetu ya tani 200, huweka akiba ya karibu megajuli 6 na kuirudisha treni inapoondoka. Hakina waya, hakina swichi, na kwa zaidi ya miaka 120 hakijamwita fundi hata siku moja.

Treni za kisasa zina njia nyingine. Zikifunga breki, mota zake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye mfumo wa umeme wa reli. Hapa pana jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulipitia harakaharaka: umeme huo hausubiri. Lazima iwepo treni nyingine ya jirani inayoondoka wakati uleule na kuutumia, la sivyo huchomwa kwenye rezista za treni, vifaa vinavyougeuza umeme kuwa joto. Kwa hiyo mpangaji wa ratiba naye ni mtu wa nishati, kwa sababu anaweza kumkutanisha anayefika na anayeondoka. Mahali ambapo ratiba haitoshi, hufungwa mtambo wa kuugeuza umeme huo uingie gridi, au uwashe taa na kuendesha lifti za stesheni ileile.

Kosa la kutopanga mapema hulipwa kwa joto. Mwanzoni mwa karne ya 20, udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki ya London ulikuwa na nyuzi joto 14 hivi za Selsiasi, na watu walishawishiwa washuke chini wakati wa kiangazi wapate ubaridi. Miaka ilivyopita, breki, mota na miili ya abiria vikaupasha moto udongo ule. Leo kuna sehemu umepita nyuzi 20, na hauwezi tena kumeza joto kama zamani. Handaki likishafika hapo, kila feni na kila mtambo wa kupoza unaoongezwa ni gharama ya uamuzi uliofanywa vizazi vilivyopita.

Kupoza stesheni ya chini ya ardhi ndiko kunakotuumiza kichwa kuliko yote. Treni ndani ya handaki ni kama pistoni ya pampu ya baiskeli: inasukuma hewa mbele yake na kuvuta nyingine nyuma. Ukiwasha kiyoyozi kwenye jukwaa lililo wazi, treni ya kwanza itaisukumia hewa yako baridi handakini, na nyingine itakuletea ya moto. Ni kujaza maji kwenye pakacha. Ndiyo maana Singapore, ilipofungua reli yake ya mjini mwaka 1987, iliweka kwenye stesheni za chini ya ardhi ukuta wa vioo wenye milango inayofunguka treni ikishasimama tu. Leo watu huisifu milango hiyo kwa kuzuia abiria wasianguke relini, na ni kweli, lakini kuokoa umeme wa viyoyozi kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuiweka.

Kwa stesheni ya juu ya ardhi ushauri wangu ni mfupi: usipoze jukwaa. Abiria hukaa pale dakika chache, amevaa nguo za kutokea nje. Anachohitaji ni kivuli kirefu, paa lililoinuka linalotoa hewa moto juu, na feni kubwa inayozunguka polepole. Upepo wa feni humfanya mtu ajisikie nafuu ya nyuzi 2 au 3 kwa umeme ambao ni sehemu ndogo sana ya ule wa kiyoyozi. Kiyoyozi kibaki kwenye chumba cha mitambo ya ishara, ofisini, na kwenye chumba kimoja cha kupumzikia kilichofungwa vizuri.

Joto lisilotakiwa stesheni linaweza kutakiwa kwa jirani. Stesheni kuu ya Stockholm, Uswidi, hukusanya joto la maelfu ya abiria, hulihamishia kwenye maji, na maji hayo husaidia kupasha jengo la ofisi la Kungsbrohuset lililo karibu. Huko London, katika eneo la Islington, shimo la hewa la stesheni ya City Road iliyofungwa mwaka 1922 limewekwa feni na pampu ya joto, yaani mtambo wa kulivuta joto na kulihamisha. Tangu 2020 joto la treni hupasha nyumba za watu. Ni kazi nzuri, lakini isinakiliwe kwa macho yaliyofumbwa. Bila jirani mwenye baridi karibu, joto hilo halina mteja.

Kuna na vitu vya kupendeza visivyo na kitu. Sakafu inayozalisha umeme kwa kukanyagwa ni mojawapo. Hatua moja hutoa juli chache tu, tuseme 5. Watu 100,000 wakikanyaga hatua 20 kila mmoja, jumla ni megajuli 10, chini ya yuniti 3. Treni yetu moja ya tani 200 ilikuwa na mara nne ya hizo kabla haijafunga breki.

Taa za LED, na ngazi za umeme zinazopunguza mwendo zikikosa watu, sizitetei kwa maneno mengi. Ziwekwe tu. Sola nayo ina nafasi yake: Blackfriars, stesheni ya London iliyo juu ya daraja la mto Thames, ina paneli 4,400 zilizokamilika mwaka 2014, na zinaweza kutoa hadi nusu ya umeme wa stesheni. Umeme wa stesheni, tafadhali, si wa treni zinazopita hapo.

Lililobaki ni zege. Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na kila mita unayoshuka chini inadai zege zaidi, ngazi ndefu zaidi na feni kubwa zaidi. Stesheni ya kina kifupi hutumia saruji kidogo leo na umeme kidogo kila siku inayofuata. Tena hewa ukaa ya safari za abiria hadi mlangoni nayo ihesabiwe: Utrecht, Uholanzi, kuna maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya uwanja wa stesheni kuu, wakati kwingine eneo kama hilo lingejaa magari.

Kwa hiyo ukialikwa kutoa maoni kuhusu stesheni mpya, acha kidogo ile picha ya rangi yenye miti na anga la buluu. Omba mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limekatwa kwa kisu. Tazama jukwaa liko mita ngapi chini, hewa moto inatokea wapi, na kama reli inapanda kidogo kabla ya kufika.