Soko linapomgeukia treda mdogo: maana na chanzo chake

Ukinunua, bei inashuka. Ukichoka ukauza, inapanda. Karibu kila aliyewahi kutredi, yaani kununua na kuuza sarafu au hisa kwa kutafuta faida ya bei, kwa mtaji mdogo anaijua hali hii, na wengi huishia kuamini kuna mtu mahali fulani anayeitazama akaunti yao. Akaunti ya dola 100 haitazamwi na mtu. Hata hivyo si haki kumwambia treda kwamba anaota, kwa sababu anachokiona kipo. Wenye mitaji mikubwa hawamjui yeye, ila kundi lake wanalijua vizuri: watu maelfu wanaofanya alichofanya, kwa bei ileile, saa ileile. Kugeukiwa na soko, kwa sehemu kubwa, ni kuwa ndani ya kundi hilo.

Tuanze na stopu, maana ndiyo inayouma zaidi. Stopu ni agizo la kukata hasara: bei ikifika hapa, nitoe. Tuseme mtu amenunua euro dhidi ya dola kwa 1.1020. Anatazama chati, anaona jana bei iligusa 1.1000 mara mbili ikarudi juu, basi anaweka stopu 1.0995, chini kidogo ya hapo. Uamuzi ni wa busara, lakini wengine wengi wametazama chati hiyohiyo na kufundishwa kanuni hiyohiyo, na stopu zao zimekaa palepale. Mwanauchumi Carol Osler alichunguza oda halisi za wateja wa benki kubwa, na katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2003 alionyesha kwamba stopu hurundikana kwa wingi upande wa pili tu wa namba kamili, yaani zile zinazoishia na sifuri.

Sasa bei inateremka na kuvuka 1.1000. Stopu ya aliyenunua ikiguswa, inageuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Ya kwanza inaisukuma bei chini kidogo, inagusa ya pili, nayo inagusa ya tatu. Kwa dakika chache wauzaji wanafurika, na hakuna aliyebadili mawazo kuhusu euro. Oda zao ndizo zilizouza. Upande wa pili yupo mnunuzi mkubwa, labda benki au mfuko wa uwekezaji, anayehitaji euro kwa mamilioni. Akinunua zote kwa mkupuo wakati soko limetulia, ataipandisha bei mwenyewe kabla hajamaliza. Anachohitaji ni ukwasi, yaani wauzaji wengi kwa wakati mmoja, na hapa chini ya 1.1000 wamejaa. Ananunua, stopu zinaisha, bei inapanda hadi 1.1060. Treda wetu aliotea mwelekeo sawasawa na bado amepigwa. Wapo wakubwa wanaoisukuma bei makusudi ili izifikie stopu, na hilo si hadithi. Ila mnyororo huu unajiendesha hata pasipo hila ya mtu.

Ongeza kwamba stopu ile iko umbali wa pipsi 25 (pipsi moja ni 0.0001 ya bei), na jozi hii ya euro na dola mara nyingi hutembea zaidi ya pipsi 50 kwa siku bila kwenda popote. Itaguswa mara kwa mara kwa mitikisiko ya kawaida tu.

Oda ya kusubiri nayo ina mtego wake, ambao naona hauzungumzwi vya kutosha. Mtu anaona hisa iko kwenye 50, anaweka oda ya kuinunua ikifika 48. Kama kuna habari njema njiani, wanaoijua mapema hawamuuzii mtu kwa 48. Bei inaondoka juu na oda yake inabaki ikining'inia. Kama habari ni mbaya, watamuuzia haraka kwa 48, kisha bei iendelee hadi 44. Kwa hiyo oda inayotimia ni ile ambayo, mara nyingi kuliko haki, aliye upande wa pili alikuwa na sababu nzuri ya kutaka itimie. Ndiyo maana inaonekana kila ukinunua tu bei inazidi kuanguka.

Halafu kuna gharama. Chukua akaunti ya dola 100 inayofungua biashara ya euro 5,000 kwa mkopo wa dalali. Pipsi moja hapo ni senti 50 za dola. Kama spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ni pipsi moja, kila biashara inaanza ikiwa hasi kwa senti 50. Biashara kumi kwa siku ni dola 5, na kwa siku tano za wiki ni dola 25: robo ya mtaji, hata kama makisio yake si mabaya wala si mazuri. Na bei ikienda kinyume kwa pipsi 200, ambazo hazifiki hata asilimia 2 ya thamani ya euro, akaunti imeungua.

Gharama huumiza hata pasipo mkopo mkubwa. Brad Barber na Terrance Odean walifuatilia kaya zaidi ya 66,000 nchini Marekani kati ya 1991 na 1996. Zilizouza na kununua hisa mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilipanda kwa asilimia 17.9. Tofauti kubwa haikutokana na kuchagua hisa mbovu. Ilitokana na kununua na kuuza kupita kiasi.

Dalali naye asisahaulike. Wapo wasioipeleka oda ya mteja sokoni, bali hukaa wao upande wa pili, hivyo hasara ya mteja ni faida yao. Mwaka 2018 ESMA, msimamizi wa masoko ya Umoja wa Ulaya, ilipopunguza mkopo kwa wateja wa kawaida hadi 30 kwa 1 (biashara ya dola 30 kwa kila dola 1 ya mteja) katika jozi kuu za sarafu, ilitaja kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti zao katika mikataba ya CFD, yaani ya kubashiri bei bila kumiliki mali yenyewe, hupoteza fedha.

Anayetaka kujua kipi kinamwumiza yeye afungue historia ya akaunti yake. Ajumlishe spredi na ada zote, azilinganishe na hasara yote. Kisha apitie kila biashara iliyofungwa na stopu na kuangalia bei ilifika wapi saa chache baadaye. Zikiwa nyingi zilirudi kule alikotarajia, stopu zake zimekaa karibu mno au zimekaa na za wengine. Zikiwa ziliendelea kushuka, stopu ilimwokoa, na tatizo liko kwenye namna anavyoingia sokoni.