Unaziba doa, chanzo kinabaki: dhana potofu kuhusu matengenezo ya nyumbani

Nyumba nyingi za kwetu hurekebishwa na wenyewe: Jumamosi asubuhi, karai, mwiko na nusu mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi. Ni jambo jema, na linaokoa fedha. Kinachoniuma ni kuona kazi ileile ikirudiwa kila baada ya masika, ilhali mtu alijituma na kununua vifaa vya kutosha. Mara nyingi kisa ni kimoja: ameziba pale tatizo lilipojitokeza, hakutafuta lilikoanzia.

"Bati limetoboka hapa hapa, juu ya kitanda."

Maji yakipenya kwenye tundu la msumari hayadondoki papo hapo. Hutambaa chini ya bati, yakashika papi na kenchi, zile mbao zinazobeba bati, yakateremka hadi yapate pa kudondokea. Tundu linaweza kuwa mbali kabisa na doa la darini. Ingia juu ya dari mchana wa jua kali, tazama nuru inapopenya, kisha fuata alama za maji kwenye mbao ukipanda kuelekea kwenye kofia ya paa. Msumari wa bati la migongo hupigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde ambamo maji hupita. Ukikuta mpira wake umepasuka kwa jua, ng'oa uweke mpya. Lami iliyopakwa juu ya msumari unaocheza haifiki mbali.

"Ukuta umeota ukungu, tupige rangi nyingine."

Hii ndiyo dhana inayokula fedha nyingi kuliko zote. Rangi haikaushi ukuta. Unyevu uliofungiwa nyuma yake husukuma hadi rangi ivimbe na kubanduka, na mwenye nyumba huishia kulaumu kopo la rangi.

Kwanza jua unyevu unatoka wapi. Kausha sehemu ndogo ya ukuta, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani: labda yanapanda kutoka msingini, labda kuna bomba linalovuja, labda udongo wa nje umerundikwa juu kuliko sakafu ya ndani. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni mvuke wa humo ndani, na dawa yake ni hewa: madirisha yafunguliwe, kabati lisogezwe mbali na ukuta.

Ule unga mweupe unaochanua kwenye plasta ni chumvi. Usugue kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi huyeyuka na kurudi ukutani. Wa Pwani wanaijua vizuri, hasa waliojengea mchanga wa ufukweni. Mchanga huo hauharibu plasta tu: chumvi yake hushambulia nondo, kutu huvimba, na zege hupasuka kutokea ndani.

Wenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu wana jambo la ziada. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizivika plasta ya saruji ukidhani unaziimarisha, umezifungia maji. Ukuta hulowa kwa ndani na vichwa vya boriti huoza pale vilipochomekwa. Lamu na Mji Mkongwe zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini hata zisingekuwemo, ningesema vilevile: nyumba ya chokaa hutibiwa kwa chokaa.

"Saruji ikishakauka, imekuwa imara."

Saruji haipati nguvu kwa kukauka. Inapata nguvu kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wahandisi hupima zege likifikisha siku 28. Sakafu uliyoziba leo ikipigwa jua bila kumwagiliwa, itatoa vumbi kila ukifagia. Ifunike kwa magunia yaliyolowa, walau siku 7. Maji mengi wakati wa kukoroga ni kosa jingine: kazi inakuwa laini mkononi, lakini zege linabaki dhaifu. Na saruji nyingi kupita kiasi kwenye plasta huleta nyufa, kwa sababu inanywea. Sehemu 1 ya saruji kwa 4 hadi 6 za mchanga safi inatosha.

"Koki ikidondosha, kaza zaidi."

Ukikaza unaponda kile kipande cha mpira kilichomo ndani, ambacho ndicho kilichochakaa. Funga maji, fungua koki kwa spana, badilisha mpira. Ni kazi ya dakika chache.

Bustanini

Matone ya maji juani hayachomi majani laini kama wengi wanavyoamini. Kumwagilia mchana ni vibaya kwa sababu maji mengi hupotea hewani kabla mizizi haijayapata. Kinachounguza mchicha kweli ni samadi mbichi ya kuku. Iache ioze vizuri kwanza.

"Breka inajizima hovyo, weka kubwa zaidi."

Hapa naomba sana unisikilize. Breka, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, imepimwa kulingana na unene wa waya uliomo ukutani. Ukiweka kubwa, waya utaungua ndani ya ukuta na breka haitashtuka. Inapojizima, chomoa vifaa vyote, iwashe, rudisha kimoja kimoja: pasi au hita mbovu itajitaja yenyewe. Ikijizima hali hakuna kilichochomekwa, huenda kasoro imo kwenye nyaya. Pia breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mtu. Anayelindwa ni mwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja, kwa kawaida kwenye miliampea 30. Kubadilisha balbu, sawa. Kufungua ubao wa breka au kuvuta waya mpya, mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo.